Biashara Moja kwa Miaka Mitatu: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Kusoma Usimamizi wa Biashara

(Maneno haya niliyasema Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi mbele, shikamooni tena.

Nimeitwa niwaeleze vijana wetu watakutana na nini wakichagua Shahada ya Kwanza ya Usimamizi wa Biashara, ile ambayo vyuoni wanaiita BBA. Nimeisoma, nimeitumia kazini, na kwa miaka kadhaa nimeifundisha. Lakini kabla ya kufungua mtaala, naomba tupite kwanza barabara ya 12, kwenye baraza ya nyumba niliyokulia.

Mama yangu alikuwa akiuza mbaazi za nazi na maandazi. Mbaazi analoweka mchana, anachemsha usiku, nazi inakunwa saa 9 za usiku, na adhana ya alfajiri ikitoka, sufuria liko barazani. Ikifika saa 3 asubuhi limebaki la kuoshwa. Fedha anaifunga kwenye pindo la khanga, anashuka soko la Mgandini, ananunua mbaazi, unga, mafuta na nazi za kesho. Kinachobaki ndicho chakula chetu, kodi ya nyumba na madaftari yetu. Mtaji wake ulitoka usiku ukarudi kabla jua halijawa kali. Mkopo aliwapa watu wachache, mafundi wa gereji ya jirani, nao walilipa Jumamosi. Ambaye Jumamosi hakulipa, Jumatatu alinunua kwa fedha mkononi kama mpita njia.

Mimi nikaenda chuo. Mwaka wa pili nikafundishwa kusimamia mtaji wa kuendeshea shughuli: hesabu siku ambazo mali inakaa ghalani, ongeza siku ambazo mteja anakaa na deni lako, toa siku ambazo wewe unakaa na deni la aliyekuuzia. Jibu ni siku ambazo fedha yako iko nje ya mfuko wako. Kwenye karatasi ile nilipata A. Na ninawaambia kweli, wanangu, katika chumba kile cha mtihani sikumkumbuka mama hata mara moja. Sikujua kwamba ninaulizwa habari za sufuria lake.

Miaka michache baadaye niliacha ajira nikaingia kwenye machungwa ya Muheza. Nitawapa hesabu yangu yote, kwa sababu ndiyo sababu ya kusimama hapa. Nilinunua machungwa 40,000 shambani kwa shilingi 70, jumla 2,800,000. Kuchuma na kupakia, 300,000. Lori hadi Dar es Salaam, 850,000. Ushuru na madogomadogo ya njiani, 150,000. Jumla 4,100,000, na katika hizo 3,000,000 nilikuwa nimekopa kwenye kikundi chetu cha kina mama kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Yalioza 4,000. Yaliyobaki 36,000 nikamuuzia mnunuzi mmoja kwa shilingi 150, akaahidi kulipa baada ya wiki moja. Andikeni: 5,400,000. Faida 1,300,000 kwa safari moja. Nililala usingizi mzuri.

Mnunuzi alilipa siku ya 47. Kikundi kikahesabu miezi miwili ya riba, 600,000. Mnunuzi naye akakata 400,000, akidai machungwa yalikuwa yamelegea, na mimi sikuwa na karatasi yoyote iliyosainiwa siku ya kupokea mzigo. Nikabaki na 300,000. Dada mmoja wa Muheza, tuliyekuwa tukipakia naye bega kwa bega, aliuza machungwa kiasi kilekile kwa shilingi 130 badala ya 150, lakini kwa fedha taslimu palepale sokoni. Alipata 580,000 kwa safari. Ndani ya siku zangu 47 alikwenda na kurudi mara 5. Pigeni wenyewe: 2,900,000. Yule dada aliishia darasa la saba.

Sasa angalieni ni masomo mangapi yalipanda lile lori. Uhasibu uliniambia nimeuza siku nilipokabidhi mzigo, kwa hiyo nina faida, na uhasibu haukusema uongo. Usimamizi wa fedha ulikuwa na la kuniambia juu ya siku 47. Sheria ya mikataba ilikuwa na la kuniambia juu ya karatasi ya mapokezi. Uendeshaji ulijua habari za machungwa 4,000 yaliyooza. Masoko yalijua kwamba bei si namba tu, ni namba pamoja na siku ya kulipwa. Masomo matano, na yote nilikuwa nimefaulu. Niliyasoma kila moja chumba chake, mwalimu wake na wiki yake ya mtihani, na hakuna siku yalipokutanishwa mbele yangu. Yalikutana Muheza, kwa gharama yangu na ya kina mama wenzangu walionikopesha.

Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo. BBA inafundishwa vipande vipande, biashara inakuja nzima. Kazi ya kuunganisha ameachiwa mwanafunzi, na mara nyingi hata haambiwi kwamba ameachiwa.

Tuufungue mtaala basi. Kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600, na saa za kumsikiliza mwalimu ni sehemu yake tu. Nyingine ni zako, za kusoma, kufanya mazoezi na kuandika. Mwanafunzi anayedhani kipindi kikiisha amemaliza, anajinyang'anya mwenyewe sehemu kubwa ya alichokilipia.

Mwaka wa kwanza mtakutana na misingi ya uhasibu, uchumi wa soko na uchumi wa taifa, hesabu za biashara, takwimu, misingi ya menejimenti, kompyuta na stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili: uhasibu wa gharama, fedha, masoko, rasilimali watu, sheria ya biashara, tabia za watu kazini, mbinu za utafiti. Mwaka wa tatu: mkakati, uendeshaji, kodi, ujasiriamali, biashara ya kimataifa, maadili, na masomo ya kuchagua. Katikati kuna fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na mwisho vyuo vingi hudai andiko la utafiti. Mpangilio hutofautiana chuo kwa chuo, lakini ukiuweka mtaala wa Dar es Salaam juu ya wa Nairobi au wa Kampala, utaona mifupa ni ileile.

Mifupa hiyo ina historia. Uandishi wa hesabu kwa pande mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka, ulichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli. Hakuubuni. Aliandika walivyokuwa wakifanya wafanyabiashara wa mji ule. Wazee wangu, hapo mimi husimama kidogo kila mara, kwa sababu ina maana elimu hii ilianzia barazani na gatini ndipo ikaingia kitabuni. Mwaka 1881 tajiri wa madini na chuma, Joseph Wharton, alitoa fedha pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania ili biashara ifundishwe kwa ngazi ya shahada. Halafu mwaka 1959 zikatoka Marekani ripoti mbili kubwa, moja imegharimiwa na taasisi ya Ford na nyingine na ya Carnegie, zikisema shule za biashara zinafundisha mambo mepesi mno, zitie hesabu, takwimu, uchumi na elimu ya tabia za watu. Zikasikilizwa. Takwimu inayowatisha leo imeingia kwa mlango huo, na ilistahili kuingia. Lakini kila somo lilivyozidi kuwa na wataalamu wake na idara yake, ndivyo kuta zilivyozidi kupanda kati ya chumba na chumba.

Kwetu Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Tumepokea mifupa, na tumepokea kuta pamoja nayo.

Dawa ninayowapa ni hii: chagueni biashara moja halisi kabla ya kuripoti chuoni, mwende nayo katika kila somo kwa miaka yote mitatu. Isiwe kampuni kubwa ya kusoma kwenye mtandao. Iwe biashara ambayo mwenyewe anakujua kwa jina na atakufungulia daftari lake: genge la shangazi, gereji, kikundi cha kuweka na kukopa, bodaboda 3 za mjomba. Mimi wanafunzi wangu wa Tanga nawapeleka Sahare, kwenye boti za uvuvi. Nitaeleza boti moja ilivyotufundisha.

Mwenye boti alisema mashine yake haimli chochote, ni mafuta tu. Aliinunua 4,000,000, na mafundi wanasema kwa kazi ile itadumu miaka 5. Hiyo ni 800,000 kwa mwaka, na boti inatoka kama siku 200. Kila inaposukumwa majini, shilingi 4,000 za mashine zimekwisha kuliwa hata kama nyavu zimerudi tupu. Darasani tunaiita uchakavu, na mwanafunzi anaikariri kama kanuni ya kugawanya. Pale ufukweni binti mmoja wa mwaka wa kwanza alimweleza yule baba, tena kwa Kiswahili chepesi, naye akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo ndiyo maana mashine ikifa huwa nakopa?" Ndiyo, baba. Ndiyo maana.

Takwimu tulizikuta kwenye mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haivuti, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo ukichukua wastani wa mapato ya mwezi mzima ukagawa kwa siku 30, umepata namba ambayo hakuna siku hata moja inayofanana nayo. Wanafunzi waliandika samaki wa usiku wa giza na wa usiku wa mbalamwezi mbali mbali kwa miezi 4, na neno "mtawanyiko", yaani namba zinavyotapakaa mbali na wastani, ambalo darasani lilikuwa likiwasinzisha likapata sura. Na uchumi ukaingia hapohapo: bei ya samaki mbichi inaanguka saa 2 asubuhi kwa sababu barafu hakuna ya kutosha, wala si kwa sababu watu wa Tanga wameacha kula samaki.

Rasilimali watu? Mabaharia hawana mshahara. Yanatolewa mafuta na chakula kwanza, kinachobaki kinagawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la watu. Kitabu kina sura ndefu juu ya namna ya kumfanya mfanyakazi aijali mali ya tajiri kama yake. Wavuvi wa pwani hii wamelijibu swali hilo kwa mgawo, tangu zamani. Lakini mgawo huo haukuandikwa, na siku baharia alipoumia mkono na winchi, hakuna aliyejua nani wa kumtibu. Pale ikaingia sheria. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeona mkono ule umefungwa khanga hakuhitaji kukumbushwa maana ya mkataba wa ajira.

Jambo jingine ni lugha. Vyuo vyetu vinafundisha BBA kwa Kiingereza, na si vibaya kukijua. Mikataba ya bandarini na barua za benki mtazikuta kwa lugha hiyo. Ila kipimo changu kwa mwanafunzi ni kwamba arudi nyumbani Ijumaa amweleze mama yake somo la wiki kwa Kiswahili, bila neno la kigeni, mpaka mama aulize swali. Mama akiuliza swali, limeeleweka. Akiitikia tu "haya mwanangu," rudi ukasome.

Somo la mkakati nitalikalia, kwa sababu vitabu vinalifundisha kwa kampuni za mbali, na sisi watu wa Tanga tumekalia mfano ambao dunia ingetuonea wivu. Mkonge si mmea wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya mkoa mzima, reli ikabeba, bandari ikapakia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wengi wenu mna babu aliyekata mkonge. Kisha ikaporomoka.

Muulize mtu yeyote hapa kwa nini, atakujibu: utaifishaji. Jibu hilo si tupu, lakini halitoshi, na BBA nzuri inatakiwa ikufundishe kutoridhika nalo. Kabla ya Azimio la Arusha la 1967, lililoleta utaifishaji huo, bei ya mkonge duniani ilikuwa imekwisha anza kuanguka, kwa sababu viwanda vilikuwa vimepata kamba za plastiki, nyepesi, za bei ndogo, zisizooza. Kamba ndiyo ilikuwa karibu soko letu lote. Halafu kuna la kiwandani: katika jani la mkonge, nyuzi ni asilimia 4 hivi tu. Mengine yote yalioshwa kwa maji yakatupwa. Hebu fikirini mama yangu anaweka sufuria, anauza kijiko kimoja, anamwaga kilichobaki, na bado kuni amenunua za sufuria zima! Ndiyo maana jaribio la shamba la Hale, miaka ya 2000, la kutoa gesi na umeme kwenye mabaki ya mkonge lilikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wa mtambo wenyewe. Lilibadili swali: si tena jani litoe nyuzi ngapi, bali jani zima litoe nini. Leo Bodi ya Mkonge makao yake yako hapa hapa mjini, na mwanafunzi wa Tanga anayeandika andiko lake la mwaka wa tatu juu ya kampuni ya simu za ng'ambo, na shamba la mkonge liko nusu saa kutoka kwao, mimi huwa namrudishia karatasi.

Bandari pia ni kitabu. Kwa miaka mingi meli zilisimama nje kwenye kina, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za kubebea mizigo, ukapakuliwa mara ya pili gatini. Kila mguso wa mzigo ni gharama na ni siku. Sasa gati la mita 450 lina kina cha mita 13. Mwalimu wa uendeshaji akianza kuchora mishale ubaoni, wewe uwe umekwisha simama pale Raskazone ukahesabu.

Wazazi mmeniuliza kabla sijapanda jukwaani: "Mtoto akimaliza anatoka kuwa nani?" Ninaliheshimu swali hilo, kwa maana mnauza mbuzi na viwanja. BBA haimpi mtu leseni. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, atalazimika kukaa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Anayetaka ununuzi na ugavi atajisajili PSPTB, bodi ya fani hiyo, na kufanya mitihani yao. Shahada hii inampa njia ya kuanzia huko, na ni vizuri aamue mapema, mwaka wa pili, ili masomo ya kuchagua yamsogeze. Asiyeamua anachukua yale yenye sifa ya kutokuwa na sapu, yaani mitihani ya kurudia, anatoka na cheti na hana upande. Na vyuo vingi vitaangalia ufaulu wa hesabu wa kidato cha nne. Mwenye hesabu dhaifu asiikimbilie BBA akidhani amezikwepa. Atazikuta takwimu muhula wa kwanza, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kunauma zaidi baada ya bumu, fedha ya mkopo wa masomo, kuanza kuingia.

Kuna wanaosema bomba la mafuta, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, litawapa kazi wote. Mimi ningependa kijana ajifunze kwanza kuandaa zabuni ya kupikia watu 50 chakula cha mchana, na kujua atalipwa baada ya siku ngapi. Siku ngapi, jamani. Ndiyo ada niliyoilipa Muheza.

Kwa wale mtakaochagua boti: Jumamosi hii nitakuwa Sahare saa 11 alfajiri, zinapoingia. Wenye boti nimekwisha wasemesha, wameridhia mkae nao. Njooni na daftari la mistari, mchore safu nne: tarehe na hali ya maji, kilo zilizoshuka, bei ya kwanza na bei ya mwisho, na nani ameondoka na samaki bila kulipa.